Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu mtaa wa Majimbo, Embu, kunywa chai na kuniuliza, "Mzee, mlipelelezaje bila maabara?" mnanichosha kweli. Mnamaliza mihogo yangu yote, halafu nikisema tulikuwa tunakwenda penye maiti kwa miguu, mnaangaliana na kucheka. Chekeni tu. Tumbo hili mnaloliona nimelipata kwenye pensheni. Niliingia kazini nikiwa konstebo mwembamba, kaptura ya serikali nimeikaza kwa kamba. Nimeshika wezi wa ng'ombe, wezi wa kahawa, na bwana mmoja wa Kangeta aliyejiibia miraa yake mwenyewe ili amsingizie shemeji. Hizo tutacheka siku yoyote. Leo nawaambia ile ya Mikinduri, miaka ya Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita Emajensi. Sijaona tena jambo kama lile, na nikilifikiria hata sasa mwili unanisisimka.

Kwanza nimtaje Sajenti Abdalla, maana bila yeye mimi ningerudi Tharaka kuchunga mbuzi. Abdalla alikuwa Mwislamu wa Meru mjini, mtoto wa mchinjaji, mfupi, kofia yake ya polisi kila mara imekaa upande. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, na sisi wa mashambani tukifungua mdomo yeye anashika masikio. "We Mtharaka," aliniambia siku ya kwanza, "Kiswahili kimekukosea nini?" Halafu akanifundisha kazi. Ukifika penye maiti, alisema, tia mikono mfukoni na usiitoe mpaka macho yamalize. Na usihangaike na vitu unavyoviona, kwa sababu hivyo hata mpita njia ataviona. Jiulize ni kitu gani kingepaswa kuwa hapa na hakipo.

Msidhani alikuwa malaika. Siku moja tulikosa plasta ya kuchukulia alama ya kiatu, kule karibu na Maua, naye Abdalla akasema tukoroge unga wa posho, tumimine kwenye alama, tungoje ukauke. Tukamimina. Tukaenda kuhoji mashahidi. Tuliporudi, kuku wa mwenye boma walikuwa wanamalizia kisigino. Abdalla akawaangalia, akaniambia, "Andika: ushahidi umeliwa." Inspekta wetu, Mwingereza kijana ambaye mashavu yake yalikuwa mekundu muda wote, hakucheka hata kidogo.

Basi. Mikinduri.

Wakati ule serikali ilikuwa imewatoa watu kwenye mashamba yao na kuwarundika katika vijiji vya lazima. Handaki limezunguka kijiji, ndani yake miti iliyochongwa, daraja moja tu la kuingilia, na juu ya kilima kambi ya hom gadi, yaani wenyeji waliopewa bunduki na serikali, na ofisa Mzungu wa kuisimamia. Wanawake ndio waliochimba handaki hilo, na likiisha wanaambiwa walipanue. Panga zote zilikusanywa. Visu, nyembe, hata majembe yanahesabiwa jioni. Kijiji kizima kilikuwa na wembe mmoja wenye ruhusa, na ulikuwa wa kinyozi anayeitwa Kinoti.

Mkuu wa hom gadi alikuwa M'Ikiara, mtu mkubwa, mwenye bunduki na koti la kijeshi. Watu walimwogopa sana. Vijana wengi wa kijiji walichukuliwa na kambi yake, na kila mama aliyekwenda kuuliza alijibiwa jibu moja: yuko kizuizini, pwani, atarudi. Mmojawapo wa waliochukuliwa alikuwa Kirimi, mtoto wa ndugu yake M'Ikiara mwenyewe. Ndugu huyo alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo kijana alilelewa na bibi yake, Kanyua, ambaye ndiye mama mzazi wa M'Ikiara. Mwingine alikuwa Muriungi, mdogo wake Kinoti kinyozi. Kinoti alikuwa akienda kambini kumwulizia kila mara, mpaka siku moja wakajibizana vibaya na M'Ikiara mbele ya watu.

Sasa mnaona shida ilipoanzia. Asubuhi moja M'Ikiara alikutwa ndani ya nyumba yake pale kambini, ameegemea ukuta, kigoda kimelala kando, koo limekatwa. Na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa nusu. Upande wa kulia unang'aa kama kibuyu, upande wa kushoto nywele zake zote zipo. Tulipofika, hom gadi walikuwa wamejipanga nje, wanaume wenye bunduki, hakuna anayethubutu kuingia. Walisema ni wale wapiganaji wa msituni wameingia na uchawi.

Inspekta hakuamini uchawi. Aliangalia kichwa, akauliza nani ana wembe, na kabla hatujamaliza kupiga saluti Kinoti alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala. Aproni yake ilikuwa na damu.

"Afande, hiyo ni ya mzee moja nilimkata sikio jana," alilia. "Mimi sijaua mtu. Mimi kazi yangu ni kunyoa tu, nanyoa hata hawa hom gadi. Uliza wao!"

Hakuna aliyeulizwa. Mjue kwamba kesi za Emajensi zilikuwa za haraka, na mtu akishapelekwa mjini na maneno ya Inspekta juu yake, kilichobaki ni kamba. Lori lilikuwa linatiwa maji tayari. Mke wa Kinoti alikuwa amekaa chini karibu na gurudumu, mjamzito. Nilimwona nikajisikia vibaya, kwa sababu hata mimi niliona kinyozi huyu hana ujasiri wa kuchinja kuku.

Abdalla akanivuta ndani ya nyumba. "Mikono mfukoni," akasema. "Haya, niambie."

Nikaangalia. Damu ipo. Kigoda kipo. Kuna kibakuli cha maji, yamebaki kidogo. Bunduki ya marehemu iko mahali pake, ukutani, karibu kabisa na mkono wake. Mtu huyu alikuwa hali chakula bila mlinzi kuonja kwanza, na hapa alikaa chini, akainamisha kichwa, akamwachia mtu wembe. Nikaangalia sakafu tena. Ndipo nikaona.

"Sajenti, nywele ziko wapi?"

Abdalla alitabasamu mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Alhamdulillahi. Kuku hawajala akili yako."

Nusu kichwa cha nywele, na sakafuni hakuna hata unywele mmoja. Kinyozi wa soko haokoti nywele, upepo ndio mfagizi wake. Anayeziokota zote, moja moja, akazikunja katika kitambaa ili mbaya asizipate, ni mtu wa nyumbani. Kwetu, mkifiwa, mnanyolewa, na anayenyoa ni mama. Hili nalijua tangu utotoni. Lakini nilisimama pale nikaona baridi, maana kama kunyoa kule kulikuwa kwa msiba, basi M'Ikiara alikuwa anamlilia nani?

"Inspekta ataondoka lori likipoa," Abdalla akasema. "Mimi nitasema betri imekufa. Nenda kwa yule mama. Nenda peke yako, na vua kofia."

Kanyua alikuwa amekaa kwenye kibanda chake, mteremkoni nyuma ya kambi, miguu ameinyosha. Mwembamba, mikono imekauka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa safi. Wanawake waliotoka kumpa pole waliona ni msiba wa mwanawe, na ni haki yake. Mimi nilijiuliza, amenyolewa na wembe gani, ikiwa wembe wa kijiji uko mfukoni mwa Inspekta tangu asubuhi?

Nikamsalimia kwa heshima. Akaniangalia sana.

"Hiyo sauti si ya hapa. Wewe ni wa wapi?"

"Tharaka, mama."

"Ukoo?"

Nikautaja. Yule mama akakunja miguu, akakaa wima, akaweka mkono kifuani. "Ooi," akasema polepole. "Wamenitumia gichiaro."

Kwa wale mliozaliwa mjini nifafanue. Gichiaro ni undugu wa damu walioufunga mababu, ukoo mmoja wa huku na ukoo mmoja wa kule, na haufunguki. Mtu wa gichiaro humdanganyi. Wala humdhuru. Na akikuomba kitu, humnyimi, hata akiomba shati ulilovaa. Ukivunja, msiba unaingia nyumbani kwako na hautoki. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nilijiona nimeyapita mambo hayo. Lakini aliponitajia ukoo wake wa kuzaliwa na nikatambua ndio wenyewe, nilikaa chini mbele yake. Nilikuwa nimekuja na sheria ya Mwingereza mfukoni, kumbe nimebeba pia hii nyingine.

"Basi uliza," akasema. "Lakini kabla hujauliza, kumbuka. Mimi siwezi kukudanganya, na wewe hutaweza kuninyima."

Nawaambia ukweli, niliogopa. Angeniomba nimwache aende zake, ningefanyaje? Ningemwacha, na Kinoti angenyongwa. Ningeweza kugeuka nirudi, niseme sikumkuta. Nikamkumbuka yule mke kando ya gurudumu. Nikauliza.

"Mama, ni nani aliyemkata M'Ikiara?"

"Ni mimi."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu aliyeulizwa ni nani amewasha moto. Halafu akanieleza, na mimi hapo nikajua kwamba upelelezi wote nilioujua ulikuwa mchezo wa watoto.

Tangu Kirimi achukuliwe, alisema, alimwuliza mwanawe, na mwanawe akasema yuko pwani. Akauliza tena, jibu lile lile. Wanawake wanaochimba handaki wakamnong'oneza kwamba kule mtoni udongo umefukuliwa, na fisi hawatoki huko. Hakutaka kuamini umbea. Basi akachukua wembe wake wa zamani, ule wa mhunzi, aliouficha kwenye nyasi za paa panga zilipokusanywa, akajinyoa, akaenda kwa mwanawe asubuhi na maji ya kibakuli. Akamwambia, "Kirimi amekufa. Kaa nikunyoe."

"Wewe ni wa kwetu, unaelewa," akaniambia. "Kumnyolea mtu aliye hai ni kumwita kifo. Kama kijana yuko pwani, M'Ikiara angeruka, angenifukuza, angesema mama umeingiwa na wazimu. Nilikuwa naomba anifukuze. Nilisimama pale naomba moyoni, nifukuze, nipige hata kofi." Akapitisha mkono juu ya kichwa chake. "Akavuta kigoda, akakaa."

Lo! Vijana, mimi nimehudhuria kozi, nimefundishwa na watu wenye vyeti namna ya kumhoji mshukiwa. Hakuna aliyewahi kunionyesha swali la namna ile. Hakumwuliza kitu, alimpa kigoda tu, na jibu likakaa lenyewe.

"Nikamnyoa upande mmoja," akaendelea. "Akaanza kulia. Akaniambia wote waliopelekwa mtoni kuuawa, mmoja mmoja, kwa majina. Akasema aliamrisha yeye, na Mzungu wa kambi alijua. Nikamwuliza Kirimi alisema nini. Akasema Kirimi alimwita baba."

"Halafu mkono ukateleza, mama?" Nilitaka aseme hivyo. Nilimwonea huruma, nikampa mlango.

"Mkono haukuteleza. Niliupeleka mimi."

Akainuka, akachukua kitambaa cha nywele kilichofungwa fundo, akakitia kifuani. "Nilikuwa nangoja waniulize. Hakuna aliyeniuliza. Hilo la Kinoti nimelisikia sasa hivi kwa waliokuja kunipa pole. Twende. Na usinishike, ili usiwe umemdhuru mtu wa kwenu. Nitatangulia."

Akatangulia. Mama mzee, mgongo umepinda, anapanda kile kilima, na mimi nyuma yake na kofia mkononi. Hom gadi walimpisha bila kuelewa ni kwa nini wanampisha.

Inspekta alisikiliza nikitafsiri, kisha akacheka kwa pua. Hakuna mama anayemchinja mwanawe, alisema. Bibi huyu anamkinga mtu. Atoe sababu, au kinyozi anapanda lori. Nikamtafsiria. Kanyua akatoa sababu. Akataja mto, akataja M'Ikiara, akataja Mzungu wa kambi. Nilipofika hapo, mashavu ya Inspekta yalibadilika rangi, mara ya kwanza nayaona meupe.

"Hilo la mtoni hulitafsiri tena," akaniambia. "Wala huliandiki. Bila hilo, bibi hana sababu. Kwa hivyo ni kinyozi. Maliza."

Mnaelewa alichofanya? Kumwokoa Kinoti kulihitaji mto, na mto haukutakiwa utajwe. Kinoti alikuwa pale pale kwenye nguzo, hajui Kiingereza, anaangalia midomo yetu kama mbwa anavyoangalia wanaokula.

Kanyua akanigeukia. "Amesema nini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote.

Akatikisa kichwa. "Sijakuomba kitu bado," akasema.

Nikajibu inavyojibiwa: "Omba, mama."

"Wale wanawake kule handakini wana watoto wao huko mtoni. Wanachimba na wanangoja barua kutoka pwani. Mimi sauti yangu imekwisha. Nitakutajia, nawe upaze."

Nikamtazama Abdalla. Abdalla aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyake vilikuwa vya kuvuta, havina kamba. Nikatoka mlangoni. Inspekta akaniita kwa jina, mara ya kwanza na ya mwisho kuniita kwa jina. Sikugeuka. Yule mama akawa ananitajia kwa sauti ndogo nyuma ya bega langu, na mimi napaza kwa Kimeru, jina la kijana na jina la baba yake, kisha neno moja: mtoni. Kirimi, mtoni. Jina lingine, mtoni. Muriungi, mtoni. Nyuma yangu nikasikia Kinoti ameacha kulia.

Kule chini majembe yalinyamaza. Nilitegemea mayowe, nilijikaza kuyapokea. Hayakuja. Wanawake walipanda kutoka handakini, udongo hadi magotini, wakavuka daraja, wakapanda kilima. Hom gadi wakainua bunduki, wakazishusha, kwa maana baadhi ya wanawake wale walikuwa mama zao. Inspekta alishika bastola yake kiunoni. Hakuna aliyemwangalia. Wakaja wakakaa chini, mbele ya nyumba, mstari kwa mstari, wakavua vitambaa vya kichwa wakavitandika mapajani.

Nimezeeka nikitafuta neno la kuelezea kimya kile, sijalipata. Najua tu kwamba kila mwenye bunduki pale alikuwa mdogo.

Mmoja wao, mama mnene aliyekaa mbele, akasema, "Kinoti yuko wapi? Wembe ni ule mmoja."

Inspekta alikuwa kijana, nawakumbusha, labda umri wenu. Alisimama akimwangalia Kanyua, na Kanyua anamwangalia yeye, bila hasira. Hapakuwa tena na siri ya kuificha. Kilima kizima kilikuwa kimekaa chini kikiijua. Mwishowe akamwambia Abdalla, taratibu sana, "Mfungue."

Abdalla akakata kamba. Akaenda mfukoni mwa Inspekta mwenyewe, akatoa ule wembe, akaufungua na kuupangusa kwenye shati lake. "Shika, bwana," akamwambia Kinoti. "Hiki si kielelezo tena. Wateja wako hao."

Kanyua alipanda lori bila kusaidiwa, mahali palipokuwa pa Kinoti. Aliwekwa gereza la hapa Embu, na alifariki humo kabla kesi haijasikizwa. Nilikuwa nikimpelekea uji na ugoro, kwa sababu aliniomba. Wakubwa waliniuliza maswali mengi kuhusu ile siku, Abdalla akaapa kwamba Kimeru changu ni kibovu na huenda nilikuwa nawaita watu wakateke maji mtoni. Nilikaa bila cheo miaka mingi. Haikuniuma.

Lakini nataka mbaki pale kilimani. Kinoti alinyoa alasiri yote. Kila mama aliokota nywele zake, akazifunga, akainuka, akakaa mwingine. Mke wake ndiye aliyekuwa akileta maji. Kilichosikika ni "inama kidogo" na "geuka huku." Mimi na Abdalla tulibaki tumesimama, hatukujua pa kwenda.

Alipomaliza wa mwisho, Kinoti alisuuza wembe, akaja nao kwangu, akanipa. Kisha akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Muriungi alikuwa mdogo wangu," akasema. "Ninyoe wewe, ndiye umeniambia."

Sikuwahi kumnyoa mtu. Nilimkata mahali pawili, naye hakusogea. Nikaokota nywele zote.